La Servante écarlate: mbona hainiingii?

Muulizaji, Kadutu: Wandugu wa Bukavu, riwaya hii ya Margaret Atwood (1985), ya mwanamke anayelazimishwa kuwazalia watoto watawala wa Marekani ya kubuniwa, inasifiwa kila kona. Mimi inanichosha, mambo hayasogei. Tatizo nini?

Mama wa Ibanda: Kati ya sehemu 15, 7 zinaitwa «Nuit» (usiku): mwanamke yuko chumbani, anakumbuka. Ukitafuta matukio utachoka. Anza na nyongeza ya mwisho, mwaka 2195: maprofesa wamepanga kanda kama 30 za sauti ya mwanamke huyo kwa kukisia, tena wanatania! Ndiyo maana masimulizi yanarukaruka.

Papa Nguba: Mama, hiyo haifuti kasoro. Weusi, «wana wa Hamu», wanahamishiwa Dakota Kaskazini kwa mistari michache ya habari za televisheni, basi. Na yanayompata mwanamke huyo, kukatazwa kusoma, kunyang'anywa jina na mtoto, yaliwapata kweli watumwa weusi wa Marekani.

Muulizaji: Aksanti. Naanzia 2195.