Shule ya msingi inafunguliwa wiki mbili zijazo na korona bado ipo, naombeni ushauri

Mwl wa Zamu:
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na kwenye kikao nimetupiwa jukumu la kuandaa mpango wa kufungua shule baada ya watoto kukaa nyumbani miezi kibao. Sasa kila mtu ana lake. Mkuu wa shule anataka hela yote iliyopo inunue themometa za kupimia kwenye paji la uso pamoja na ile mashine ya kupulizia dawa getini, yaani mtoto anapita ananyunyiziwa kama shamba halafu ndo anaingia. Wazazi nao wamegawanyika, wapo wanaosema fungueni hata leo na wapo wanaosema mtoto haji mpaka chanjo. Madarasa yamejaa, dawati moja watoto 3 na wakati mwingine 4, mabomba ya kuhesabu, na madirisha mengine yaligongelewa mbao zamani kwa kuogopa wezi. Kipi hapa ni cha lazima na kipi ni mbwembwe? Ya "nawa mikono" tunayajua, nipeni ya ziada.

Nesi Mstaafu:
Mwalimu hiyo mashine ya getini ifute kwanza ndo tuongee mengine. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu Mei 2020 kwamba kumpulizia mtu dawa hakushauriwi kwa hali yoyote ile. Klorini iliyomo kwenye hiyo dawa inaumiza macho na ngozi na inabana kifua, halafu virusi alivyonavyo mtoto viko puani na kooni, sasa unapulizia sare ili iweje? Themometa nunua moja ikae ofisini kwa ajili ya mtoto atakayejisikia vibaya, inatosha. Watoto wengi wakiambukizwa hawapati homa kabisa, na mwingine mama yake kampa dawa ya kushusha homa alfajiri ili asibaki nyumbani, huyo anakupita getini anacheka. Hela pelekeni kwenye madirisha na maji.

Mbishi Halisi:
Watoto hawaumwi korona. Mnajisumbua bure fungueni watu wafanye kazi.

Nesi Mstaafu:
@Mbishi Halisi wengi haiwalemei, hilo kweli. Ila shuleni hawako peke yao, kuna mwalimu mwenye kisukari na presha, kuna mpishi, kuna mlinzi, na jioni mtoto anarudi kwa bibi yake.

Kibarua01:
Naunga mkono ya madirisha, ng'oeni hizo mbao hata kesho, kama mnaogopa wezi wekeni nondo au wavu. Kirusi hiki kinasafiri hewani kwenye vichembe vidogo sana vinavyotoka mtu akiongea akiimba au akipiga kelele, na darasa la watoto wadogo ndo kelele zenyewe, kwahiyo hewa lazima iingie upande mmoja itokee mwingine. Dirisha la upande mmoja halitoshi, fungua na mlango na ufungwe kamba usijirudishe. Feni inayozungusha hewa ile ile ya ndani ni kazi bure, igeuzie dirishani isukume hewa nje. Wenye uwezo wanatumia kipimo cha kaboni dayoksaidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua, nje inasoma 400 na kitu hivi (sehemu kwa kila milioni ya hewa), ndani ikipita 800 ujue mnavutiana pumzi. Msio nacho tumieni pua, ukitoka nje ukarudi ukakuta hewa nzito ya jasho basi haitembei hiyo.

Israeli walifungua shule Mei 2020, likaja joto kali, watoto wakaruhusiwa kuvua barakoa, viyoyozi vikawashwa madarasa yamefungwa na yamejaa, shule moja ya sekondari pale Jerusalem wakaambukizwa wanafunzi zaidi ya 150. Na hao walikuwa na kila kitu.

Mama Wawili:
Sawa hewa, lakini mwanangu wa darasa la kwanza hawezi kukaa na barakoa kutwa nzima, nawajua, watabadilishana wakidhani ni mchezo, ikianguka chini anaokota anavaa.

Nesi Mstaafu:
Ni kweli dada yangu ndo maana hawajabanwa sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa Agosti 2020 ulisema wa miaka 5 kushuka chini wasilazimishwe, wa 6 mpaka 11 inategemea maambukizi yalivyo eneo lenu na kama yupo mtu mzima wa kumsimamia, kuanzia 12 wavae kama sisi. Muwekee ya pili kwenye begi, ikilowa abadilishe.

Chaki Kavu:
Mimi mwalimu pia, nitasema kitu ambacho walimu wenzangu hawatakipenda. Hatari kubwa iko ofisi ya walimu. Darasani tunavaa barakoa tunajifanya mfano, tukiingia ofisini tunazishusha kidevuni, tunakunywa chai mabega yanagusana, tunasahihisha kwenye meza moja huku tunapiga soga. Akiumwa mmoja tunalala wote na shule inafungwa yenyewe. Meza ya chai itoke nje, vikao viwe nje na vifupi (hata bila korona vilitakiwa viwe vifupi).

La pili ni makundi. Denmark walipofungua shule za msingi tarehe 15 Aprili 2020 waligawa watoto vikundi vidogo visivyochanganyika, vipindi vingi wakafundisha nje. Kwenu huko kwa madawati ya watoto 4 hakuna ujanja, ni kuingia kwa zamu, asubuhi na mchana au siku za kupishana. Hata kundi likibaki kubwa kuliko mnavyotaka lisichanganyike na lingine, mapumziko yapishane, paredi ya asubuhi futeni. Hapo akiumwa mtoto unajua wa kuwafuatilia ni akina nani, hufungi shule nzima.

Mwl wa Zamu:
Asanteni sana. Ila @Chaki Kavu mwalimu wa hesabu tunaye mmoja anaingia madarasa yote ya juu, hapo kundi litakuwaje kundi? Na usafi, klorini tunachanganyaje maana kila mtu anamimina kwa macho.

Chaki Kavu:
Watoto wasihame darasa, ahame mwalimu. Avae barakoa muda wote, afundishie mbele karibu na dirisha, asiwainamie kwenye madaftari, akusanye asahihishe baadae. Haiondoi hatari ila inaipunguza.

Nesi Mstaafu:
Ile ya dukani ya asilimia 5, kipimo kimoja cha dawa weka vipimo 49 vya maji, utapata ya asilimia 0.1. Futa kwanza kwa maji na sabuni kwa sababu uchafu unamaliza nguvu ya dawa, kisha paka kwenye vitasa, meza na vyoo uiache kama dakika moja. Changanya ya siku hiyo tu, usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo, gesi yake ni hatari, na watoto wasipewe kazi hiyo. Maji, tengenezeni vibuyu chirizi, dumu la lita 5, kamba na kijiti cha kukanyaga, sabuni itobolewe ining'inie hapo hapo. Kila darasa na chake mlangoni, foleni ya bombani inakufa.

Mama Wawili:
Na jamani ile zawadi ya mahudhurio kamili mwaka huu iacheni. Mimi nimeshaona mtoto anakohoa anang'ang'ania shule asikose cheti. Na akirudishwa nyumbani asitangazwe mbele ya wenzake, watamuita korona mpaka amalize la saba.

Mwl wa Zamu:
Hiyo ya zawadi wala sikuiwaza, naiingiza. Sasa mkuu namwambiaje? Themometa zishalipiwa, mashine ina malipo ya awali tu.

Kibarua01:
Usimwambie kakosea. Mpelekee gharama ya nondo na madumu kwenye karatasi moja na ile kauli ya Mei 2020 kwenye nyingine, asubuhi kabla hajamalizia malipo.

Mwl wa Zamu:
Kesho saa moja niko mlangoni kwake.