Kibokisi cha kupima gari bila waya: Bluetooth ama Wi-Fi?

Mchomelea: Salaam wakuu. Niko Magongo, Mombasa. Nimeunda kibokisi cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD-II, ile ya kupimia gari, chini ya usukani, kinaongea na simu. Kodi za hitilafu kinasoma bila shida. Chipu ni ESP32, nikaiongezea transiva, kile kijichipu cha kuiunganisha na nyaya za gari. Kinachoninyima usingizi ni kimoja tu: Bluetooth ama Wi-Fi? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa.

Babu_wa_Tudor: Vijana na simu! Sisi ncha ya bisibisi kwenye injini, sikio kwenye mpini, unajua vali ipi inagonga. Kuna Peugeot 504 ililetwa Mwembe Tayari, mafundi wote wameshindwa...

FundiUmeme: Ijumaa kuna nini? Kusoma kodi, yoyote itafaa. Kinasoma tu, ama kinaandika pia?

Mchomelea: Kinaandika pia. Kidogo.

FundiUmeme: Kidogo ndiyo nini?

Mchomelea: Kubadilisha mipangilio ya mafuta na cheche ndani ya kompyuta ya gari. Madereva kadhaa wa matatu wameshanipa arubuni, Ijumaa wanataka mali. Sikumlazimisha mtu. Mbona vya China vinauzwa na hakuna anayeuliza?

FundiUmeme: Sasa tunaongea. Ukiandika moja kwa moja kupitia hewani, mtandao ukakatika katikati, kompyuta inabaki na programu nusu na gari haiwaki tena. Faili yote iingie kwanza kwenye kibokisi, kihakikishe imefika nzima, ndipo kiandike chenyewe. Simu iwe ya kutazama tu. Betri nayo ifungwe chaja, volti zikishuka katikati ni yale yale. Tena kifaa cha kurusha mawimbi hukiuzi Kenya bila idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Mchomelea: Idhini nitafuata nikishauza hivi vya kwanza. Pesa ya kuanzia itoke wapi?

Mama_Likoni: Arubuni ni deni, mwanangu. Na matatu hizo ndizo zinatubeba sisi na watoto. Mbio zilizopo hazijawatosha?

Mchomelea: Si mbio mama, ni kupunguza mafuta. Nishaandika kwenye Corolla ya shemeji, ya 1997, kwa pini ya 6 na ya 14. Inatembea mpaka leo.

Mpima_Hekaya: Simameni hapo. Pini ya 6 na ya 14 ni za CAN, nyaya ambazo kompyuta za gari za kisasa huongelea. Corolla ya 1997 imeitoa wapi CAN? Hii ni hekaya, wakuu. Lete picha ya kibokisi.

Mchomelea: Ya shemeji nilisoma tu. Niliyoandika ni Fielder ya 2012. Picha nitaleta, simu imeisha chaji.

Mpima_Hekaya: Na hapa unaandikia nini, mkaa?

Babu_wa_Tudor: Ile 504 haikuwa na pini hata moja, na ilifika Malindi.

Dereva_Probox: Hekaya ama si hekaya, taa ya injini yangu inawaka tangu Jumapili. Magongo sehemu gani, na kusoma kodi ni pesa ngapi?