Kumtambua mdudu kibibi shambani: picha ya simu, lenzi ya mkono au chupa ya usiku mmoja?

MkulimaUmalila
Ndugu wanajukwaa, ninalima viazi mviringo na njegere hapa Umalila, Mbeya. Msimu huu nimekuta katika shamba moja wadudu vibibi, yaani wale mbawakawa wadogo wa mviringo wenye madoa, wa sura tatu tofauti. Wa kwanza ni mweusi anayeng'aa, mwenye mabaka ya rangi ya chungwa yaliyojipinda kama mwezi mwandamo. Wa pili ni mwekundu, mwembamba kidogo kuliko wenzake, na idadi ya madoa yake meusi haifanani kati ya mmoja na mwingine. Wa tatu ana rangi ya udongo mwekundu na madoa mengi, na huyo ndiye anayeninyima usingizi, kwa sababu majani ya viazi alipokaa yamebaki kama wavu. Jirani amenishauri nipulize dawa shamba zima, lakini ninafahamu kwamba vibibi wengi hula wadudu mafuta, yaani vidukari wanaofyonza utomvu wa mimea, na njegere zangu zimejaa wadudu mafuta. Ni njia ipi ya kuwatambua inayoaminika zaidi?

MpigaPichaKitulo
Mimi ninatetea picha. Ninapopanda Kitulo au Mporoto hupiga picha za wadudu na kuziweka kwenye iNaturalist, mtandao wa kutambua viumbe kwa picha, ambako programu hutoa makisio, kisha watu wenye ujuzi huyathibitisha au kuyakosoa, na tarehe na mahali hubaki katika kumbukumbu. Udhaifu wake ni kwamba programu hujifunza kutokana na picha ilizonazo, kwa hiyo mara kadhaa imenipa jina la kibibi wa madoa saba, Coccinella septempunctata, ambaye asili yake ni Ulaya na Asia. Huyo wako mweusi, hata hivyo, simtilii shaka kwamba ni wa jenasi ya Cheilomenes, na kwa maelezo yako ninamdhania Cheilomenes lunata, mla wadudu mafuta anayejulikana sana barani Afrika. Mwekundu mwembamba anafanana na Hippodamia variegata, naye pia hula wadudu mafuta. Ukipiga picha, anza na mgongo, kisha ngao ya kifua, lile gamba lililo nyuma ya kichwa, kwa karibu, kisha jani alilokaa.

MwalimuIringa
Ndugu wa Kitulo ameeleza vyema, ila ningependa tuache kabisa desturi ya kumtambua kibibi kwa kuhesabu madoa. Madoa hayaonyeshi umri, kama baadhi ya wanafunzi wangu wanavyoamini, na spishi moja huweza kuwa na sura nyingi. Harmonia axyridis, mgeni kutoka Asia ambaye ameenea Afrika Kusini tangu miaka ya 2000, huweza kuwa mwekundu asiye na doa hata moja, mwekundu mwenye madoa 19, au mweusi mwenye mabaka mawili mekundu. Isitoshe, kibibi aliyetoka kwenye pupa muda mfupi uliopita huwa wa manjano mepesi, na madoa yake hujitokeza baadaye. Katika familia yenye spishi zipatazo 6,000, rangi peke yake ni shahidi dhaifu.

Mimi hutumia lenzi ya mkono inayokuza mara kumi. Mweke mdudu kiganjani, umgeuzie ubavu kwenye jua la asubuhi, utazame ukingo wa mgongo wake. Wengi wa wanaokula wadudu mafuta wana mgongo laini unaong'aa kama kigae kilicholoweshwa. Wala majani, wa kundi la Epilachnini, wamefunikwa na vinyweleo vifupi vinavyoufifisha mgongo, mfano wa ganda la pichi. Watoto wao hutofautiana zaidi: wa mla majani huwa wa manjano, mzito, na amejaa miiba yenye matawi, ilhali wa mla wadudu mafuta ni mweusi au wa kijivu, ana miguu mirefu, na hukimbia akitafuta mawindo. Kidole chako kikipakwa maji ya manjano machungu, usiogope, kwani mdudu huyatoa kwenye maungio ya miguu ili adui amwache.

MamaTukuyu
Mwalimu, shikamoo. Sina lenzi, na macho yangu hayaoni tena vinyweleo, kwa hiyo mimi hutumia chupa ya kioo. Ninaweka jani bichi la kiazi na kikonyo cha njegere chenye wadudu mafuta, ninamtia kibibi mmoja, ninafunika kwa kitambaa chepesi na kumwacha hadi asubuhi. Mla majani huacha jani na vidirisha vya ngozi nyembamba katikati ya mishipa, na wadudu mafuta wote wapo. Yule mwingine huacha jani zima, na kikonyo kimepungua watu wake. Chupa hainipi jina la Kilatini, lakini inanipa jibu ninalolihitaji kabla ya kushika bomba la dawa.

MkulimaMbozi
Ninaongeza jambo moja tu. Mla majani haishii kwenye viazi. Yupo Chnootriba similis, anayekula mahindi, ngano na nafaka nyingine, naye huacha michirizi myeupe kwenye jani. Kwa hiyo mama akifanya jaribio la chupa kwa mdudu aliyetoka kwenye mahindi, aweke jani la mahindi, la sivyo atamhesabu mharibifu kuwa ni rafiki.

MkulimaUmalila
Mwalimu, shikamoo, na mama pia, shikamoo. Nimefanya yote matatu. Picha ilinipa jenasi ya yule mweusi papo hapo, lakini kwa huyu wa tatu ilitaja majina manne yasiyokubaliana. Lenzi niliyoazima ilionyesha vinyweleo waziwazi, na asubuhi jani lilikuwa na vidirisha kama mama alivyosema. Kwangu mimi chupa ndiyo kwanza, lenzi inafuata, na picha nitaipiga kwa ajili ya kumbukumbu. Sasa nimekuta mayai ya manjano yaliyosimama wima chini ya jani la kiazi. Je, niyaponde?

MwalimuIringa
Marahaba. Usiyaponde bado. Makundi yote mawili hutaga mayai ya manjano yanayosimama hivyohivyo. Funga uzi kwenye shina hilo, upite kila asubuhi, na ukiona watoto wenye miiba, uchume jani lote.