Mume wangu ni mzee wa kanisa, nyumbani ni mtu mwingine. Nimwambieje?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni ushauri, hasa ninyi mliodumu kwenye ndoa na wokovu.

Mume wangu kanisani anaomba mpaka machozi, na siamini kama anaigiza. Ila dada wa kazi hajalipwa tangu mwezi juzi, na jana alifokewa kisa chai imepoa, Biblia ikiwa bado wazi mezani. Watoto wakisikia geti wanazima televisheni na kunyamaza.

Bibi yangu aliokoka kwenye ule Uamsho wa kiroho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Kwao wokovu ulionekana: watu walirudisha vya wizi, wakalipa madeni, wakaombana msamaha hadharani. Ni kama Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, toba yake iligusa mfuko. Ule mgeuko wa ndani wa Warumi 12:2 ndio ninaomwombea mume wangu.

Kwa mchungaji nasita. Jambo likifika baraza la wazee itakuwa aibu, naye atajifunga zaidi. Nianze naye mwenyewe? Kwa maneno gani? Na mshahara wa dada nilipe kimyakimya, au nitakuwa namfunika?