Eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) inaacha rangi ya zamani nikibadilisha, nyie mnasafishaje?

MchoraBajaji: Wakuu habari zenu, nachora tanki za pikipiki na bajaji kwa eabrashi ya dabo aksheni (triga ukibonyeza inatoa hewa, ukivuta inatoa rangi), nozo (kale kapua ka mbele kanakotoa rangi) ya milimita 0.3, rangi ya gari ya kuchanganya na thina. Nikitoka nyekundu nikaingia nyeupe inatoka pinki, nasuuza na thina mpaka kikombe kinang'aa, napiga kidogo wekundu huo unarudi. Au kila rangi nifungue kifaa chote? Maana mteja yuko kwenye benchi ananiangalia tu

fundi_kompresa: Usifungue chote mkuu, kale kanozo uzi wake wa skrubu mwembamba, ukikaza na spana kila saa utakata shingo. Mwaga rangi, futa kikombe na tishu hasa lile tundu la chini, weka thina kidogo, shusha presha, ziba mdomo wa mbele na kitambaa halafu vuta triga taratibu, hewa itarudi nyuma ichemke kwenye kikombe. Mwaga, rudia, malizia kwa kupuliza kwenye karatasi nyeupe mpaka itoke thina tupu

msanii_wa_nganya: Hiyo iko poa lakini wekundu kurudi mimi naona ni sindano, ile ndefu ya ndani inayofungua na kuziba nozo. Rangi inabaki nyuma ya kikombe pale karibu na sili ya kuzuia rangi isivuje nyuma, na thina ya kupuliza haifiki huko vizuri. Legeza nati ya nyuma, chomoa sindano, ipanguse na kitambaa cha thina ukielekea kwa ncha, ukirudisha mkono nyuma utajidunga ama uipinde, na ncha ikipinda mstari safi usahau. Alafu buda panga rangi, huku Nairobi kwa matatu naanza manjano, machungwa, nyekundu, bluu, nyeusi mwisho. Zile nyeupe za kumalizia mng'ao nina eabrashi ingine ya bei ya chini, haijui rangi ingine

MchoraBajaji: Nimekupata kaka. Na usiku naweza kuiloweka nzima kwenye thina?

fundi_kompresa: Hapana!! Oringi, zile pete za raba za kuzuia kuvuja, zinavimba na grisi ya triga inaondoka yote. Loweka nozo na kofia yake tu. Ila kama rangi ina hadina (dawa ya kuigandisha iwe ngumu) usisubiri usiku, hata kula usiende kabla hujasuuza, ikishakauka humo ndani thina haiitoi tena

dada_helmeti: Naongezea, msipulizie WD-40 (yale mafuta ya kopo ya kulainisha vyuma) humo ndani, mafuta yakibaki rangi inafanya vitundu kama macho ya samaki. Wanaotumia akriliki ya maji waanze na maji ndo waje na dawa ya kusafishia, thina ikikutana na akriliki mbichi inakuwa gundi. Na hizo barakoa za kitambaa hazizuii mvuke wa thina jamani, tafuteni ya chujio za mkaa

MchoraBajaji: Asante dada. Mbona saa nyingine inachemka kwenye kikombe hata sijaziba mbele?

msanii_wa_nganya: Nozo haijakaa vizuri ama imepasuka. Kaza kwa vidole kwanza, ikiendelea nunua ya modeli yako kabisa, usidanganywe eti zote ni 0.3 zinaingiliana