"Kuku ya ukoma"!! Wafugaji wa Goma, huyu mtu tutamvumilia mpaka lini?

MamaMayai_Ndosho ameandika:

Naandika mikono inatetemeka, makosa mtanisamehe. Sitataja jina. Wote mnamjua: yule papa wa buti nyeupe na pompu mgongoni, anayezunguka Himbi, Katindo, Majengo mpaka huku kwetu, anajiita daktari wa kuku.

Leo asubuhi ameingia kwenye parsele yangu. Sikumwita. Jirani ndiye alimwita kwake, yeye akaruka uzio wangu kama mwenye nyumba. Wamama walikuwa wamekuja kuchukua mayai, na kijana wa chukudu (ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo) alikuwa anasubiri mzigo. Papa akainama bandani, akamkamata jogoo wangu miguu, akamgeuza kichwa chini, akamwinua mbele ya watu wote, halafu akasema kwa sauti ambayo nadhani Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, walisikia: "Wamama, angalieni. Hii ni kuku ya ukoma. Musikule mayai ya hapa."

UKOMA! Kuku!

Ukoma ni ugonjwa wa watu, unaletwa na bakteria. Jogoo wangu ana utitiri wa miguu. Ni kadudu ambako jicho halikaoni, kanachimba chini ya magamba ya mguu na kuishi humo. Magamba yanainuka, unga mweupe unajaa katikati yake, mguu unanenepa. Kana mpaka jina la kitaalamu, Knemidocoptes mutans, na yule papa hawezi hata kulisoma. Lakini yeye anasema UKOMA, mbele ya wateja wangu!

Na sikilizeni linaloniua kabisa. Nilikuwa tayari namtibu. Ninaloweka miguu kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, nasugua polepole na mswaki wa zamani (magamba hayang'olewi kwa nguvu, damu itatoka), nakausha, halafu napaka vazelini nyingi kuanzia vidole mpaka mahali manyoya yanapoanzia, ili kale kadudu kakose hewa. Narudia kila baada ya siku chache. Sasa, wakati papa amemshika jogoo, vidole vyake viliteleza! Niliona kwa macho yangu. Vazelini ilimjaa mkononi mpaka kwenye kucha, akaipangusa kwenye koti lake, na akaendelea kusema ukoma. Ameshika dawa kwa mkono wake mwenyewe na bado anasema ukoma!

Mama mmoja akarudisha plato nzima ya mayai. Hakusema kitu, aliweka chini tu na kuondoka.

Halafu eti dawa yake ni kutumbukiza miguu ndani ya mazuti (dizeli) ya gari. Mazuti! Yanaunguza ngozi, na kuku akijidonoa anayameza. Nimemfukuza na ufagio. Lakini lile neno limebaki mtaani. Mtoto wa jirani ameshaniuliza kama mimi pia nimeambukizwa.

---

Keshero_Wa_Juu: Pole sana yaya. Huyo papa mimi alinipigia pompu saa sita ya mchana, jua kali, akalowesha kuku wote mpaka vifaranga. Shida ya kuku wangu ilikuwa ule utitiri mwekundu, na ule mchana hauko juu ya kuku! Umelala kwenye nyufa za mbao na kwenye ncha za fito za kulalia. Usiku ndipo unatoka kunyonya damu. Mabanda yetu Goma karibu yote ni mbao, nyufa kila upande, tumewajengea hoteli. Alilipwa pesa yake akaenda, na usiku ule ule kuku wakakataa kuingia bandani.

MamaMayai_Ndosho: Na wewe hakukuambia UKOMA mbele ya watu?

Keshero_Wa_Juu: Hapana, mimi aliniambia ni vumbi ya volkano.

Mwana_Birere: 😂😂😂 Mimi nataka kusikia upande wa jogoo. Kugeuzwa kichwa chini mbele ya matetea wake wote, huyo mwanaume ataamka tena alfajiri kuwika?

MamaMayai_Ndosho: Usicheke. Hajawika tangu asubuhi.

Mwana_Birere: Yaya, ni usiku sasa. Kuku wote hawawiki.

Shamba_Na_Mfugo: Kwa wenye shida ya Keshero: kama hamjui kama wapo, ingieni usiku na tochi, mpitishe karatasi nyeupe chini ya fito. Ikitoka na alama nyekundu, ni damu ya kuku wenu hiyo. Dalili nyingine ni upanga wa kichwani kupauka, mayai kupungua, na wewe mwenyewe kuwashwa mikono ukitoka bandani. Toa fito zote, toa nyasi za viota uchome, kwangua nyufa, mwaga maji yanayochemka, halafu piga chokaa mpaka ndani ya kila ufa. Na urudie baada ya wiki, kwa sababu mayai yao yanabaki, na penye joto wanakua ndani ya siku 7 mpaka 10 tu. Msidanganyike kuacha banda wazi mwezi mmoja eti watakufa na njaa. Wanaweza kukaa miezi 8 bila kula.

Katindo_Gauche: Miezi 8 bila kula! Kumbe wanafanana na wafanyakazi wa serikali.

Yaya_Kituku: Mimi nauliza kile kidoni (dumu dogo) cha dawa cha yule papa, kilichokatwa nusu. Ndani kuna nini? Hakuna karatasi, hakuna jina, anapima na jicho. Mnakumbuka mwaka 2017, Uholanzi na Ubelgiji? Watu wa kupulizia mabanda walichanganya fiproni, sumu ya wadudu, kwenye dawa ya utitiri, ikaingia ndani ya mayai, mamilioni ya mayai yakatolewa madukani. Na kule kuna maabara. Huku kwetu nani atapima? Dawa lazima uone jina lake, na uulize veterinere aliyesoma: mayai tunaacha kula siku ngapi?

MamaMayai_Ndosho: Asante yaya! Mayai yangu mimi yana vazelini tu kwenye miguu ya baba yao, ya wateja wake yana dawa ya kidoni. Na ni mimi ninaitwa ukoma!

Himbi_2: Mama, bila kukukosea, mbona jogoo mwenye miguu ya namna ile ulimwacha na wengine? Inaambukizana polepole kwenye fito.

MamaMayai_Ndosho: Yuko kwenye tundu lake peke yake! Papa ndiye alimtoa! Soma vizuri. Na fito nimezipaka mafuta zote.

Majivu_Ya_Jiko: Wekeni majivu ya kuni kwenye karai kubwa, kavu, kuku waoge wenyewe. Na dari isivuje, majivu yakilowa hayana kazi.

Katindo_Gauche: Mnaongea utitiri na mimi nalia na yule wa depo ya chakula cha kuku. Mnamjua pia. Anachanganya pumba na unga wa mbao. Kuku wangu wanakunya seremala.

Mabanga_Sud: Afadhali wewe. Kijana wa chukudu amenivunjia plato tatu jana kwenye ile barabara ya mawe, na anadai malipo kamili.

MamaMayai_Ndosho: Jamani, tunaongea ukoma hapa.

Chukudu_Express: Samahani, mimi ni wa chukudu. Barabara ile ni lava tupu. Mayai unafunga na nyasi chini, nyasi katikati, nyasi juu. Mabanga alinipa mayai na gazeti moja. Anilipe.

Mabanga_Sud: Gazeti lilikuwa mbili!

Mwana_Birere: Ni wewe Mabanga uliyebeba mayai na gazeti? Mtu mzima?

MamaMayai_Ndosho: Vazelini ilikuwa kwenye kucha zake!! Mimi niliona!!

Keshero_Wa_Juu: Chukudu_Express, gurudumu la mbele la chukudu, ile mpira mnaweka juu ya ubao, mnanunua wapi siku hizi? Yangu imeisha.

Chukudu_Express: Njoo kesho mtaa wa Virunga, upande wa mafundi. Lakini usije na gazeti.