Eti sisi hatujawahi kuvuka Mnazi Mmoja! Mratibu wa safari ya mbugani, pita hapa

Mkorosho Mkavu:
Wakuu, naandika simu inatetemeka mkononi. Simtaji, mnamjua. Yule aliyejiteua mratibu wa kila kitu mjini hapa, kuanzia maulidi hadi mazishi. Leo katupia ratiba kwenye grupu: "Kuondoka Mtwara saa 12 asubuhi, saa 8 mchana tunaangalia simba Hifadhi ya Nyerere, usiku kila mtu kwake." Dada mmoja kauliza kistaarabu kabisa, barabara ya Kibiti kwenda Mloka umeipigia hesabu? Jibu: "Kwani nyie mmewahi kuvuka Mnazi Mmoja?"

Mnazi Mmoja! Pale njia panda ya Mingoyo, Lindi tu hapo! Watu wazima na ndevu zetu!

Haya, tumsomeshe bure. Mtwara hadi Kibiti ni zaidi ya kilomita 400. Basi la abiria mwisho spidi 80, na kila penye nyumba kumi kuna kibao cha 50 na askari chini ya mwembe. Hata dereva asipochimba dawa ni mwendo wa saa sita, na dereva atachimba dawa, kwa hiyo weka saba. Ukitokea kwetu, Kibiti unakata kushoto, unaanza kama kilomita 100 za rafu hadi Mloka na geti la Mtemere. Weka saa tatu. Kama hakuna pancha, getini ni saa 10 jioni, na saa 12 hifadhi inafunga siku. Mmebakiwa na saa mbili tu, kwenye hifadhi ya kilomita za mraba zaidi ya 30,000! Utaona swala wawili na mkia wa ngiri unakimbia.

Halafu "usiku kila mtu kwake". Labda kwake ni tumboni mwa fisi.

Na mtu huyu ndiye anatuuliza kuhusu Mnazi Mmoja.

Mtoto wa Ligula:
Pole mkuu. Ila swali halijajibiwa. Mmewahi?

Mkorosho Mkavu:
Wewe usinichokoze, nitakuja hapo Ligula kwa miguu.

Bi Shangani:
Mwanangu shusha presha. Safari hiyo ni ya siku tatu, haina ujanja. Siku ya kwanza ni ya barabarani tu, mnalala Mloka nje ya geti, kuna vyumba vya kila mfuko. Siku ya pili saa 12 asubuhi muwe mmeshafika getini. Simba saa 8 mchana kalala chali kivulini, hata umwite jina. Anaonekana alfajiri na jioni, hasa kandokando ya maziwa, Manze na Tagalala. Mchana ndio wa boti mto Rufiji: viboko, mamba, ndege mpaka shingo iume. Siku ya tatu mnarudi.

Spana Kumi na Saba:
Hakuna aliyeona tarehe? Kaweka APRILI. Aprili kule udongo mweusi unakuwa uji. Gari halitelezi, linamezwa. Kambi nyingi zinafungwa mpaka mvua ziishe. Nendeni kuanzia Juni hadi Oktoba, majani yamelala, madimbwi yamekauka, wanyama wote wamekuja mtoni wenyewe.

Na hiyo Coaster anayotaka kuwapakia iishie Mloka. Inakaa chini, inagusa tumbo kwenye tuta la kwanza, na abiria wa katikati ataangalia kisogo cha mwenzake siku nzima. Kodini Land Cruiser za paa la kufunguka palepale Mloka, watu sita au saba kila moja. Spea mbili, siyo moja. Mafuta jazeni Kibiti, mbele huko mnauziwa ya kwenye madumu, na maji yake humohumo.

Karani Mstaarabu:
Mnasahau malipo. Getini hapokelewi mtu na bahasha ya noti. Inatolewa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, mnalipa benki au kwa simu. Mtandao ukigoma ndiyo mtaanikwa juani pale, kwa hiyo maliza mapema. Kila mtu abebe kitambulisho cha NIDA. Bila cha kuonyesha uraia unaweza kuhesabiwa mgeni, na bei ya mgeni ni ya dola. Mtoto chini ya miaka 5 halipi. Gari nalo lina kiingilio chake, na kuna VAT. Huyo mratibu kakusanya kiasi gani?

Mkorosho Mkavu:
Elfu 35 kila kichwa, "kila kitu ndani". Kila kitu! Pamoja na matusi ya Mnazi Mmoja!

Mtoto wa Ligula:
Elfu 35 inatosha kuvuka Mnazi Mmoja kwenda na kurudi. Jamaa yuko sahihi kimahesabu.

Kipusa wa Rahaleo:
Mwambieni pia asivae ile fulana yake ya bluu. Mbung'o wanapenda bluu na nyeusi kama nzi na kibudu. Khaki, mikono mirefu.

Mwana Liwale:
Nyie mnalia na Kibiti, sisi tulie na nani? Pori lote hilo liko mgongoni mwa Liwale, tembo wanakula mihogo yetu, lakini utalii wote unaishia Rufiji! Tangu 2019 upande mmoja ni hifadhi ya taifa chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, uliobaki ni Pori la Akiba la Selous chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kila upande na kibali chake. Na barabara ya Nachingwea mvua ikinyesha, hata Mnazi Mmoja tunaiota.

Mzee wa Mtama:
Tembo angalau yupo. Mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, je? Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913, wazee wetu wakabeba mifupa vichwani mpaka bandari ya Lindi. Leo kasimama Berlin, mita 13 na ushee, watu wanakata tiketi. Huyo ndiye mnyama mkubwa kuliko wote wa Lindi na hana hata nauli ya kurudi.

Mtoto wa Ligula:
Huyo kavuka Mnazi Mmoja.

Spana Kumi na Saba:
Na msisahau Mei 2024, kimbunga Hidaya kilivyokata barabara kule Somanga. Mtu anayepanga safari ya masika bila siku ya akiba…

Bi Shangani:
Mkipita njiani nunueni korosho za kubangua. Nangurukuru wanauza nzuri.

Mwana Liwale:
Nangurukuru? Zile zimeungua nje, mbichi ndani.

Mkorosho Mkavu:
Jamani, rudini kwenye mada! Huyu mtu katutukana!

Kipusa wa Rahaleo:
Nangurukuru wanachanganya na za msimu uliopita, ziangalieni rangi.

Mkorosho Mkavu:
Hapo Kipusa umesema kweli. Korosho ni za Mnazi Mmoja, mtu asikudanganye. Nani anabisha?